Madigadi ya Pikapu ya Tairi Sita: Kipimo Kianzie kwenye Tairi

Mteja anayetafuta madigadi mapya ya nyuma ya pikapu ya tairi sita huulizwa kwanza anapenda umbo gani. Yapo yaliyotuna, yapo yaliyokatwa kona kali, yapo yenye vichwa vya bolti vilivyoachwa nje makusudi ili gari lionekane la kazi, na yapo ya chuma kinachong'aa hadi unaweza kujitazama. Picha zake ni nyingi, na karibu zote zimepigwa gari likiwa limesimama kwenye sakafu ya saruji, halina mzigo, tairi zimeoshwa. Naona hapo ndipo manunuzi mengi yanapoharibikia. Kazi kubwa ya digadi la gari hili ni kuacha nafasi ya kutosha kwa tairi mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu, zikiwa zimebeba mzigo, zikipanda na kushuka kwa nguvu ambayo picha haiwezi kuionyesha. Nafasi hiyo ikishapimwa, upana, malighafi na namna ya kufunga hujiamua kwa sehemu kubwa. Umbo huchaguliwa mwisho, miongoni mwa machache yaliyobaki.

Gari lenyewe ni la Marekani hasa. Mbele ni pikapu ya kawaida, lakini ekseli ya nyuma imebeba tairi nne, mbili kila upande, na wenyewe huliita duali. Chevrolet na GMC walianza kuliuza likitoka hivyo kiwandani katika matoleo ya 1973, likiwa na madigadi mapana ya faiba yaliyotokeza nje ya bodi ili kufunika tairi za pembeni. Siku hizi yanayoonekana zaidi barabarani ni Ford F-350, Ram 3500, Chevrolet Silverado 3500HD na GMC Sierra 3500HD. Huvuta matrela ya farasi, matrekta ya shamba, nyumba za kukokotwa na magari yanayopelekwa mnadani, na wengi wanaoyaendesha ni watu wa biashara ndogo, dereva mmoja na trela moja. Upana wake wa nyuma hukaribia meta 2.44 wakati sehemu ya mbele ni kama meta 2.03, kwa hiyo kila digadi hutokeza sentimita 20 hivi nje ya mstari wa milango. Sentimita hizo ndizo zinazogonga nguzo za pampu za mafuta, na ndizo zinazofanya soko la madigadi ya badala lisikauke. Wengine hununua kwa sababu madigadi ya zamani yameliwa na kutu, wengine wameng'oa bodi ya kiwandani wakaweka jukwaa bapa, wengine wanataka tairi kubwa zaidi, na wapo ambao wamechoka tu na sura ya gari lao. Sababu hiyo ya mwisho haina ubaya, ilmradi isitangulie hesabu.

Hesabu yenyewe imeandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi la LT235/80R17, ambalo limetumika sana kwenye Ram 3500, huwa na namba 120/117. Ya kwanza ni uwezo wa tairi likifungwa peke yake, yaani kilo 1,400. Ya pili ni uwezo wa tairi hilohilo likifungwa na mwenzake, yaani kilo 1,285. Uwezo unapunguzwa kwa sababu tairi pacha hazigawani mzigo sawasawa: barabara yenye mgongo huliegemea moja zaidi, upepo ukipungua katika moja lingine huelemewa, na joto la katikati halipati pa kutokea. Hata baada ya punguzo hilo tairi nne zinaweza kubeba kilo 5,140, na gari likiwa tupu ekseli ya nyuma hubeba sehemu ndogo tu ya uzito huo. Maana yake ni kwamba springi zimetengenezwa kwa ajili ya siku ya mzigo. Gari tupu husimama limeinua mkia, tairi ziko mbali na digadi, na kila pengo linaonekana kubwa mno. Mwenye gari hulitazama hivyo siku zote akiwa nyumbani kwake, akatamani digadi lishuke kidogo lilifunike tairi vizuri. Siku anapofunga trela na kupakia, lile pengo alilolichukia ndilo linalomwokoa.

Kimo cha gari tupu na cha gari lenye mzigo mtu anaweza kuvipima kwa futikamba. Lakini kipo kitu kingine kisichoonekana, nacho ndicho kiini cha hoja yangu. Ekseli ya nyuma ya magari haya ni nguzo moja ngumu inayounganisha tairi za kushoto na za kulia, hivyo upande mmoja ukipanda ekseli nzima huinama. Karibu na kila springi, chesisi ina raba nene inayozuia ekseli isigonge chuma. Mafundi wengi hupima pengo kati ya ekseli na raba hiyo, wakakuta, tuseme, sentimita 10, wakaamini kwamba tairi nalo litapanda sentimita 10. Ni kweli, ikiwa pande zote mbili zitapanda pamoja. Sasa chukua gari linalopanda ukingo wa barabara kimshazari, kushoto kuko juu ya ukingo na kulia kumebaki chini. Kutoka springi hadi springi ni kama meta 1, na kutoka springi hadi katikati ya tairi la nje ni kama sentimita 58. Ekseli imepanda sentimita 10 penye springi ya kushoto na haijapanda kabisa penye springi ya kulia, yaani imeinama sentimita 10 kwa meta. Endeleza mwinamo huohuo hadi kwenye tairi la nje na utaongeza karibu sentimita 6. Raba imesema 10, tairi la nje limepanda 16. Tairi la ndani, lililo karibu zaidi na springi, limepanda kama 13. Na kwa kuwa ekseli imeinama, kichwa cha tairi nacho kimeegemea ndani kwa karibu sentimita 4, kikiusogelea ukuta wa bodi.

Vipimo hivyo ni vya mfano na kila gari lina vyake, lakini uwiano haubadiliki: tairi la nje ndilo linalopanda zaidi, kwa sababu liko mbali zaidi na springi. Mtu akilijua hilo huanza kuyatazama madigadi ya dukani kwa jicho tofauti. Mitindo inayopendwa ya kulifanya gari lionekane limekaa chini huushusha ukingo wa nje wa digadi ili uufunike mpira wa juu wa tairi. Ukingo huo wa nje ndipo hasa tairi linapofika likipanda hadi mwisho wake. Digadi la namna hiyo linaweza kukaa miezi bila tatizo, mpaka siku moja gari likiwa na shehena linapoingia kwenye lango la shamba kwa pembe, na ukingo ukakatwa na tairi au tairi likakatwa na ukingo. Kwa gari la biashara jambo hilo lina sura ya kisheria pia: katika viwango vya shirikisho vya ukaguzi wa kila mwaka, tairi linalogusa sehemu yoyote ya gari, au linalogusa pacha wake, ni sababu ya kulikataa gari.

Kupima vizuri hakuhitaji mitambo ya kiwandani, kunahitaji uvumilivu. Gari huwekwa kwenye sakafu iliyo sawa, tairi za mbele zikizuiwa kwa vigingi, na mzigo halisi ukipakiwa nyuma, kwa kuwa springi za gari tupu ni ngumu mno kuminywa. Kisha tairi za upande mmoja wa nyuma hupandishwa juu ya ngazi imara ya chuma au magogo mapana, hatua kwa hatua, mpaka ekseli iiguse raba yake. Bila mtu kuingia chini ya gari, fundi hupima mahali tairi lilipofika, juu, mbele na nyuma, na hukata kadibodi yenye upinde huo. Kadibodi ndiyo inayokwenda dukani. Digadi lisiloipita kadibodi kwa walau sentimita 5 kila mahali huachwa, hata liwe zuri namna gani. Pengo hilo la ziada ni la matope yanayoganda, la tairi linalovimba ubavuni likielemewa, na la minyororo ya theluji kwa wanaopita milimani. Jimbo la Colorado, kwa mfano, hulazimisha magari mazito ya biashara, pamoja na pikapu zenye trela zinazofikia uzito uliotajwa na sheria, kubeba minyororo kwenye barabara kuu ya I-70 magharibi ya Morrison kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei. Mnyororo uliobebwa lakini hauwezi kuzunguka chini ya digadi ni mzigo mtupu.

Wapo watakaosema tatizo lote hili linakwisha kwa kuliinua gari. Huwekwa kipande cha chuma cha sentimita 10 kati ya ekseli na springi, tairi hushuka mbali na bodi, na ghafla kuna nafasi ya digadi lolote. Hoja hii inavutia, na kwa gari lililosimama ni ya kweli. Lakini kinachoamua tairi litapanda mpaka wapi ni mahali ekseli inapozuiwa. Ikiwa raba ya kuzuia imebaki pale ilipokuwa, gari lililoinuliwa lina safari ndefu zaidi ya kufika pale, na likifika, tairi liko palepale lilipokuwa likifika kabla ya kuinuliwa. Anayeinua gari bila kuishusha raba amejinunulia pengo la kutazama tu. Akiishusha raba amepata nafasi ya kweli, lakini kwa kawaida mtu huliinua gari ili afunge tairi kubwa zaidi. Tairi la inchi 35 lina kipenyo cha sentimita 89 hivi, wakati lile la LT235/80R17 lina karibu 81. Tofauti ya nusu kipenyo ni sentimita 4, na sentimita 4 hizo hutolewa moja kwa moja kwenye nafasi iliyopatikana. Tairi kubwa mara nyingi ni nene pia, na pacha mbili nene hukaribiana katikati mpaka zikagusana zikielemewa, hapo huhitajika vipande vya kuzitenganisha, na tairi la nje husogea nje zaidi, mbali zaidi na springi. Rudi kwenye hesabu ya mwinamo uone kinachofuata.

Wengine hujibu kinyume: basi tununue digadi lililo pana kuliko yote na la juu kuliko yote, tuwe salama. Digadi linatakiwa kulifunika tairi, hilo halina ubishi. Kifungu cha 27600 cha sheria ya magari ya California kinataka kifuniko cha tairi, kiwe digadi au kitambaa cha kuzuia matope, kisiwe chembamba kuliko uso wa tairi unaokanyaga barabara. Anayepunguza madigadi ili tairi zitokeze nje kwa mapambo anawarushia mawe wenzake na anavunja sheria ya namna hiyo. Hata hivyo kuzidisha kuna gharama zake. Upana wa gari la biashara kwenye mtandao wa barabara kuu za kitaifa umewekewa kikomo cha inchi 102, karibu meta 2.59, na pikapu ambayo tayari ina meta 2.44 haina mengi ya kuongeza. Zaidi ya sheria kuna vioo. Vioo vya pembeni vya kiwandani vimepangwa ili dereva aione kona ya digadi la kiwandani. Kila sentimita inayoongezwa nje ni sentimita ambayo macho yake bado hayajaizoea, na ni yeye atakayeilipia kwenye njia nyembamba ya kituo cha mafuta. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba upana ufuate tairi la nje pamoja na nafasi kidogo, na uishie hapo. Nafasi nyingi itafutwe kwenda juu, kule tairi linakokwenda.

Upana huleta jambo ambalo wanunuzi wengi hulikumbuka digadi likiwa limeshapakwa rangi, nalo ni taa. Kanuni ya usalama ya shirikisho namba 108 inataka gari lenye upana wa inchi 80 au zaidi, yaani kuanzia meta 2.03, liwe na taa za kuonyesha upana na za kulitambulisha kuwa ni gari pana. Ndiyo maana pikapu hizi huwa na taa tano za rangi ya kaharabu juu ya kabini, na madigadi yake mengi yana taa ndogo ya kaharabu upande wa mbele na nyekundu upande wa nyuma. Zinaonekana kama urembo, na kuna watu huzing'oa kwa kudhani hivyo. Madigadi mengi ya kununua hayana matundu ya taa hizo, au yana matundu ya ukubwa mwingine. Toboa kabla ya rangi, kwa keekee yenye msumeno wa mviringo, na uweke raba kuzunguka tundu ili waya usisagwe na ukingo. Maungio ya waya yaliyosokotwa na kufungwa utepe hayafai chini ya digadi, mahali panapomwagiwa maji na chumvi kila siku. Yanatakiwa yabanwe kwa koleo na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto.

Malighafi ndiyo inayoleta ubishi mrefu kuliko yote. Chuma cha kawaida ni imara na kila fundi anaweza kukichomelea, lakini katika majimbo ya kaskazini, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha theluji, huoza kuanzia ndani, pale matope yanapokaa. Chuma kisichoshika kutu kinadumu, ni kizito na ni ghali, na kikibonyea hakirudi. Alumini ni nyepesi, kama theluthi moja ya uzito wa chuma, ila ikifungwa kwa bolti za chuma bila washa za plastiki kati yake, maji ya chumvi huzifanya metali hizo mbili zilane, na alumini ndiyo inayoliwa. Faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, haishiki kutu, inakubali rangi vizuri na hutengenezeka; udhaifu wake ni nyufa ndogo zinazotawanyika kuzunguka matundu ya bolti. Plastiki ya polithini ikipigwa hubonyea ikajirudi yenyewe. Lakini haishiki rangi kirahisi, na hutanuka kuliko watu wanavyodhani. Digadi la polithini lenye urefu wa meta 1.5 likitoka kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri mpaka joto la nyuzi 40, huongezeka urefu kwa zaidi ya sentimita 1. La chuma lenye urefu huohuo huongezeka kama milimita 1. Ukilikaza la polithini kwa matundu ya duara yanayobana bolti, majira ya joto litajikunja na majira ya baridi litapasuka. Matundu yake yanatakiwa yawe marefu ili bolti iwe na pa kuteleza.

Pingamizi dhidi ya faiba nalijua: haivumilii. Digadi la chuma likigusa nguzo linabonyea, la faiba linapasuka vipande. Nakubali kwamba ndivyo. Nasema hiyo ni sifa nzuri katika sehemu hii ya gari. Kipande kilichotokeza sentimita 20 nje ya gari kitagongwa siku moja, na swali la maana ni kitaharibika pamoja na nini. Digadi la chuma lililochomelewa huhamisha pigo mpaka kwenye ukuta wa bodi na kuukunja. Digadi la faiba lililofungwa kwa bolti huvunjika peke yake, likang'olewa, likawekwa lingine. Adui mwingine yuko ndani, naye ni tairi lenyewe. Mpira wa juu wa tairi ukibanduka gari likienda kilometa 105 kwa saa, kipande chenye uzito wa nusu kilo huvutwa nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100, na hulipiga digadi kila gurudumu linapozunguka, mara kumi na moja hivi kwa sekunde. Hakuna malighafi ya kawaida ya digadi inayostahimili kipigo hicho muda mrefu. Chuma chembamba huchanika na kubaki na meno yanayoweza kulitoboa tairi la pili, ambalo lilikuwa bado zima na lingemfikisha dereva mahali pa kutengenezea. Faiba husambaratika ikaondoka. Kwa sababu hiyohiyo nyaya za taa, mpira wa breki na bomba la kujazia mafuta havitakiwi kupita karibu na upinde wa digadi. Vipitishwe nyuma ya ukuta wa bodi au ndani ya chesisi.

Kama basi digadi linatarajiwa kuvunjika, lifungwe namna ya kuruhusu hilo. Hapa nina msimamo mkali: pasichomelewe kitu. Juu ya bodi ya kiwandani digadi hukaa kwa bolti kuzunguka ukingo wake, na kati yake na bodi huwekwa ukanda wa raba ili rangi isisuguane na maji yasijikusanye. Faiba hutobolewa upande wa nje, ule utakaopakwa rangi, kwanza ukibandikwa utepe wa karatasi, keekee ikienda polepole. Tundu liwe kubwa kidogo kuliko bolti, washa iwe pana na chini yake iwe na raba, na nati ikazwe mpaka raba ianze kuvimba, basi. Anayekaza zaidi ya hapo ndiye anayeleta zile nyufa za utando. Vumbi la faiba ni hatari kwa mapafu na huwasha ngozi, kwa hiyo barakoa na glavu zisichukuliwe kama anasa. Kwenye jukwaa bapa, ambako hakuna bodi ya kushikilia, digadi huhitaji mikono ya chuma, na mikono hiyo hutafuta chesisi. Chesisi itobolewe kwenye ukuta wa kusimama wa boriti, kamwe si kwenye midomo ya juu na ya chini, kwa sababu midomo ndiyo inayobeba mvuto na mgandamizo mkubwa gari likipinda chini ya mzigo. Miongozo ya watengenezaji kwa wajenzi wa bodi hukataza hilo waziwazi. Pale penye matundu ya kiwandani yasiyotumika, tumia hayo.

Wako pia wanaobadili pikapu ya tairi nne kuwa ya sita: wananunua rimu, viunganishi na madigadi mapana ya faiba, na gari linapata umbo la kubeba mizigo. Digadi halimwongezei mtu uzito anaoruhusiwa kubeba. Uzito wa juu wa gari umeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na umetokana na ekseli, breki, chesisi na springi; tairi zikiongezwa, namba ile haisogei. Kuna mtego wa upande wa pili pia. Anayenunua gari la chesisi tupu, lililotengenezwa kwa ajili ya jukwaa, kisha akaweka juu yake bodi ya pikapu yenye madigadi yake, mara nyingi huona tairi zimezama ndani ya madigadi. Ekseli ya gari la chesisi huwa fupi kuliko ya pikapu ya tairi sita, kwa kuwa haikupangwa kuzunguka kando ya bodi. Wengi huzisogeza tairi nje kwa vipande vya kutenganisha ili sura ipendeze, na kwa kufanya hivyo wanaongeza mzigo kwenye beringi. Afadhali digadi jembamba kuliko beringi iliyoelemewa.

Labda mtu atauliza kwa nini asinunue tu madigadi ya kiwandani, ambayo wahandisi walishayapima. Kwa gari lenye bodi yake ya asili, springi zake za asili na tairi za ukubwa ulioandikwa kwenye kibandiko, sina hoja ya kumpinga. Ni chaguo bora, hata bei yake ikizidi. Hesabu yote niliyoieleza tayari imo ndani ya umbo lake. Lakini mara tu mtu anapobadilisha tairi, springi au bodi, umbo lile linajibu swali la gari lingine, na hapo anayepaswa kupima ni yeye na fundi wake.

Hesabu hii haiishii Marekani. Canter na Fuso zinazozunguka Dar es Salaam na Nairobi zina tairi pacha nyuma na ekseli ngumu ileile, na madigadi yake mara nyingi ni bati lililokunjwa na fundi wa Gerezani au Kariobangi kwa kufuata tairi lilivyokaa siku hiyo. Kwa kuwa bodi ya mizigo iko juu ya tairi, nafasi ya kwenda juu huwa kubwa, na kosa husameheka. Pale bodi inaposhushwa ili upakiaji uwe rahisi, msamaha huo huondoka, na kadibodi inakuwa na kazi ileile iliyo nayo kwenye Ford F-350.

Baada ya kufunga, kazi ibaki wazi kwa wiki chache. Ndani ya upinde wa digadi upakwe rangi nyembamba ya maji, au upigwe chaki nzito, kabla ya safari ya kwanza yenye mzigo kamili. Ukirudi, mulika kwa tochi kwenye ukingo wa nje, kuanzia juu ya kitovu kwenda nyuma kidogo, kwa sababu ekseli inayobebwa na springi za majani husogea nyuma kidogo inapopanda. Chaki ikiwa nzima, kaza nati mara moja tena, maana raba mpya hulegea ikishakaa. Ikiwa imefutwa, hata upana wa kidole, digadi lifunguliwe na mikono yake irefushwe kabla ya safari ya pili.